MBUGA YA MALAGARASI NA SANDUKU LETU: HISTORIA FUPI



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo, mfuko wa jamii na jinsi sanduku letu lenye funguo tatu lilivyotimiza miaka kumi bila kuvunjika. Ukurasa huu ni wa historia. Tumechagua kuandika juu ya mbuga ya Malagarasi.

Najua wapo watakaouliza, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kina habari gani na mbuga? Jibu letu ni fupi. Fungua daftari la mikopo. Mama huyu alikopa akanunua samaki wakavu wa upande wa Nguruka. Yule alikopa akaleta chumvi ya Uvinza. Mwingine alichukua madumu ya asali, mwingine mikeka, mwingine mchele. Sisi wa Kidahwe tumekaa penye njia panda. Barabara moja inapanda Kasulu, nyingine inakwenda Uvinza, na ya tatu inatelemka Kigoma na Ujiji. Kila kinachotoka kule bondeni kinapita mbele ya nyumba zetu. Kwa hiyo mbuga ikiharibika, daftari letu nalo litaharibika. Ndiyo sababu tunaandika.

MBUGA YENYEWE

Shuleni, katika jiografia, tulifundishwa kwamba dunia ina nchi za majani matupu, tena kila bara lina jina lake. Amerika ya Kaskazini wanaziita prairi, Amerika ya Kusini pampasi, Urusi stepi. Tulikariri majina hayo kwa ajili ya mtihani, wala hakuna aliyetuambia kwamba majani ya namna hiyo tunayo hapa nyumbani.

Mto Malagarasi ni wa pili kwa urefu katika Tanzania, na katika mito yote inayoingia Ziwa Tanganyika huu ndio mkubwa. Unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi. Badala ya kuja ziwani moja kwa moja, unazunguka kwanza kwenda mashariki, unaingia katika nchi tambarare, unakutana na Muyovozi, Kigosi, Gombe na Ugalla, ndipo unageuka magharibi, unapita Uvinza na kumwaga maji yake ziwani upande wa Ilagala. Ile nchi tambarare ndiyo mbuga tunayoisema. Ndani yake yamo maziwa ya Sagara na Nyamagoma, mafunjo yasiyo na mwisho, na kando ya mafunjo yapo majani marefu ambayo wakati wa masika yanasimama ndani ya maji, na wakati wa kiangazi ardhi yake nyeusi inapasuka mpaka mguu unaingia.

Mtu akiuliza kwa nini miti haioti pale katikati, sababu ni hiyo hiyo. Udongo ule ni mfinyanzi mzito. Miezi kadhaa umejaa maji, miezi kadhaa ni mkavu kama tofali, halafu moto wa kiangazi nao unapita. Mti wa kawaida hauwezi mateso hayo. Majani yanaweza, kwa kuwa uhai wao uko chini kwenye mizizi. Miombo imekaa juu kwenye miinuko, na huko ndiko wanakoning'iniza mizinga.

Kazi ya mbuga hii tunaweza kuifananisha na sanduku letu. Mvua inaponyesha kwa wingi, mbuga inapokea na kuweka. Kiangazi kinapofika, inatoa kidogo kidogo. Ndiyo maana Malagarasi haukauki kama vijito vyetu. Na tope linalotoka milimani linatua kwenye majani na mafunjo kabla halijafika ziwani. Mbuga isingekuwepo, masika tungepata mafuriko na kiangazi tungepata mawe.

Viumbe wake ni wengi. Wapo viboko, mamba, nyamera, tohe, na nzohe anayetembea ndani ya mafunjo kwa kwato zake ndefu. Yupo yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, ambaye wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama. Samaki nao wana historia. Wataalamu wanasema mto huu ni wa zamani kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe, na kabla ziwa halijatokea ulikuwa unakwenda kuungana na Kongo. Ndiyo maana baadhi ya samaki wake wanafanana na wa Kongo kuliko wa ziwani. Na yupo perege ambaye makazi yake ni maji ya Malagarasi.

CHUMVI NA HONGO

Watu wengine wanadhani pori ni mahali pasipo na historia ya watu. Siyo kweli. Pale Uvinza, Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale wakakuta vipande vya vyungu na majiko ya kuchemshia chumvi, wakaonyesha kwamba kazi hiyo imefanyika kwa zaidi ya miaka 1,400. Ilikuwa kazi ya kiangazi, kwa kuwa masika mto ulifunika chemchemi. Watu walikuja kutoka Buha, kutoka Unyamwezi na mbali zaidi, wakapiga kambi, wakachemsha, wakarudi na mizigo ya chumvi kichwani. Chumvi ile ilikuwa ni fedha. Uliweza kununulia jembe, mbuzi au nafaka.

Kwa hiyo biashara tunayoifanya leo siyo ngeni. Bibi zetu waliijua kabla ya shilingi.

Misafara ya kutoka pwani ilipoanza kuja Ujiji, ilibidi ivuke Malagarasi. Waingereza Burton na Speke walivuka mwaka 1858. Hawakuvuka bure. Walilipa hongo kwa mtawala wa Uvinza, nguo na shanga, ndipo mitumbwi ikaletwa. Mwaka 1871 Stanley naye alilipa alipokuwa anamtafuta Livingstone aliyekuwa Ujiji. Wakati ule hongo halikuwa neno baya kama leo, ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu moja: mbuga ile ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na watawala, mitumbwi, bei na utaratibu.

Walipokuja Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga kiwanda cha chumvi Uvinza, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Tangu hapo mzigo ukatoka kichwani ukapanda behewa.

JINSI WATU WALIVYOHAMISHWA

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo wazee wetu huizungumza kwa sauti ya chini.

Katika miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, ugonjwa wa malale ulitisha nchi ya Buha. Ugonjwa huu unaletwa na mbung'o, na mbung'o anapenda vichaka na wanyama wa porini. Serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya watu waliokuwa wakiishi mmoja mmoja porini, ikawaweka katika makazi makubwa. Watu wengi waliepushwa na ugonjwa, hilo hatukatai. Lakini migomba yao, makaburi ya wazee wao na mashamba yao viliachwa. Nchi walizoziacha zikarudi kuwa vichaka, wanyama wakaongezeka na mbung'o pia.

Halafu, baada ya Uhuru, ilikuja Operesheni ya vijiji. Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, mwaka 1972. Kwa mara nyingine watu walihamia pamoja. Tulipata shule, zahanati na barabara, na wengi wetu tunaoandika humu tulisoma katika shule hizo hizo. Lakini kwa mara nyingine mashamba ya mbali yaliachwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ikatangaza Moyowosi na Kigosi kuwa mapori ya akiba. Kwa mtu wa ofisini ramani ilionyesha nchi tupu. Kwa mzee aliyezaliwa huko haikuwa tupu, ilikuwa imeachwa. Hapa kuna tofauti kubwa, na ugomvi mwingi wa leo umezaliwa humo.

Vita vya majirani pia vilileta watu. Mwaka 1972 na tena mwaka 1993 walikuja ndugu zetu wa Burundi, mwaka 1996 wa Kongo, na mwaka 2015 tena wa Burundi. Kambi za Nyarugusu, Lugufu, Mtabila na nyingine zilijaa. Mgeni naye anahitaji kuni, nguzo na majani ya kuezekea. Hatuwalaumu, kwani aliyekimbia risasi hawezi kuulizwa kwa nini amekata mti. Tunasema tu kwamba mzigo huo pia uliangukia nchi hii hii.

MIPAKA MITATU AMBAYO WENGI TUNAICHANGANYA

Mwaka 2000 Tanzania iliandikisha bonde la Malagarasi na Muyovozi katika orodha ya Ramsar. Ramsar ni mji wa Iran ambako mwaka 1971 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kutunza ardhi zenye maji. Bonde letu lilikuwa la kwanza kuandikishwa kutoka Tanzania. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 32,500, yaani ni kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi.

Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema, "Ramsar imetunyang'anya ardhi." Wengine wanasema, "Ramsar ni ya wazungu, haina nguvu." Wote wawili hawajaelewa vizuri. Tueleze kama tulivyofundishana katika kikao.

Kwanza, mpaka wa Ramsar ni mpana sana. Ndani yake mna vijiji, mashamba, barabara na hata reli. Mkataba haukukatazi kuishi wala kulima. Unaitaka nchi itumie eneo hilo kwa busara ili maji na viumbe visipotee.

Pili, ndani ya mpaka huo mpana mna mapori ya akiba na hifadhi. Huko sheria ni kali. Huwezi kuingia bila kibali, kuchunga wala kujenga. Mwaka 2019 sehemu ya Ugalla ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na sheria ikazidi kukaza.

Tatu, ipo ardhi ya kijiji. Hii inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na hapa akina mama tufungue masikio. Sheria hiyo inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Siyo fadhila ya mwenyekiti, ni sheria. Kijiji ambacho baraza lake halina mama hata mmoja hakijatimiza sheria.

NG'OMBE, MASHAMBA NA UGOMVI

Kwa miaka mingi wafugaji wamekuja na ng'ombe wengi kutoka mikoa ya kaskazini na mashariki yetu, kwa sababu kwao malisho yamekwisha. Wakulima nao wanatafuta ardhi nyeusi ya bondeni kwa mpunga. Wavuvi wanataka maji, warina asali wanataka miombo, askari wa wanyamapori wanalinda mpaka. Wote wanakutana mahali pamoja, tena wakati mmoja, yaani kiangazi.

Tumeona matokeo. Mwezi Oktoba 2018, katika kijiji cha Mpeta, wilaya ya Uvinza, ugomvi wa ardhi ulileta mauaji, wakafa raia na askari pia. Hatuandiki hapa ili kumhukumu mtu. Tunaandika kwa sababu kila aliyekufa ana mama, na mpaka usioeleweka unaua.

Hata kikundi chetu kimeguswa. Mwenzetu mmoja alikopa kwetu akanunua samaki wakavu kwa watu aliowaamini. Njiani akasimamishwa, akaulizwa kibali cha samaki wale, hakuwa nacho. Mzigo wote ukabaki pale kizuizini. Alirudi na begi tupu na deni kamili. Wanachama tulichanga kutoka mfuko wa jamii, yeye akauza mbuzi wawili, na kwa muda wa miezi minane alilipa mpaka senti ya mwisho. Hakukosa kikao hata kimoja. Lakini tangu siku ile swali limekaa mezani: je, tuendelee kukopesha biashara ya mbugani au tuache?

Swali likawa gumu zaidi wanachama kadhaa walipoomba mkopo wa kukodi mashamba ya mpunga huko bondeni, sehemu ambayo mpaka wake una maneno. Walisema, "Mama, mpunga unalipa. Ardhi imekaa bure, na watoto wanataka ada." Wengine wakajibu, "Fedha zetu zitafyekwa na kuchomwa moto pamoja na kibanda." Kikao kile kilikwenda mpaka jua likazama. Walikuwepo waliolia.

FUNZO KUTOKA AMERIKA

Katika ubishi huo, mwalimu mmoja mstaafu anayetuunga mkono alitueleza habari za ile prairi tuliyoikariri shuleni. Huko Marekani palikuwa na majani marefu kuliko mtu, nchi baada ya nchi. Mwaka 1837 fundi John Deere alitengeneza jembe la chuma cha pua lililoweza kupasua mizizi ya majani yale. Watu wakalima, wakalima, mpaka majani marefu yakabaki chini ya sehemu 4 katika kila sehemu 100. Walipata nafaka nyingi sana, hilo ni kweli. Lakini kwenye nyanda kavu zaidi, ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja ukakuta udongo hauna mizizi ya kuushika. Upepo uliuinua ukawa vumbi la kufunika jua, na maelfu ya familia wakahama. Mwaka 1996 serikali yao ilitenga kipande cha majani yaliyobaki huko Kansas ili wajukuu waone yalivyokuwa.

Fikirini, nchi tajiri namna ile inatafuta majani yake kwa kipande. Sisi bado tunayo.

Na si lazima kwenda Amerika. Kule nyanda za juu kusini ipo Kitulo, nchi ya majani na maua. Mwaka 2005 ilifanywa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya mimea yake. Basi majani siyo kitu cha kudharauliwa.

TULIYOAMUA

Mwishowe tulipiga kura, na uamuzi tumeuandika katika katiba yetu. Tunauweka hapa ili hata wasaidizi wetu waujue.

1. Mkopo wa shamba utatolewa pale tu mkopaji atakapoleta karatasi ya Serikali ya Kijiji inayoonyesha shamba liko ndani ya ardhi ya kijiji.

2. Mkopo wa samaki, asali au mbao utahitaji kuonyesha leseni au kibali cha yule unayenunua kwake. Siyo kwa ajili ya kusumbuana. Ni kwa ajili ya begi lisirudi tupu.

3. Mama atakayekopa kwa mizinga, chumvi, mikeka au bustani atafikiriwa mapema, kwa kuwa biashara hizo haziiti trekta wala moto mbugani.

4. Kila mwanachama ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, na pale panapoundwa baraza la ardhi au kupimwa mpaka, jina la mwanachama wetu lipendekezwe.

Hatukuwaridhisha wote. Wanachama wawili walichukua hisa zao wakaondoka, nasi tukawalipa haki yao na tunasalimiana mpaka leo. Lakini msimamo wetu ni huu: hatukubali mbuga ifyekwe, wala hatukubali mama anayetafuta chakula aitwe mwizi katika nchi ya bibi yake. Mambo hayo mawili yanaweza kusimama pamoja iwapo mipaka itapimwa mchana, mbele ya watu, na akina mama wakiwepo. Mpaka uliochorwa ofisini na kusomwa na askari peke yake utaendelea kuleta machozi.

NENO LA MWISHO

Ipo habari nyingine inayotuhusu. Kwenye maporomoko ya Igamba, Malagarasi ikitoka Uvinza kwenda ziwani, umepangwa mradi wa umeme wa megawati 49.5, na njia ya nyaya zake mwisho wake ni kituo cha hapa hapa Kidahwe. Kwa hiyo kesho taa ya cherehani, friji ya soda na mashine ya kusaga vitategemea maji yaliyohifadhiwa na majani ya mbugani. Aliyedhani mbuga ni ya viboko peke yao, na afikiri tena.

Katika miaka kumi tumejifunza kwamba sanduku halijazwi na tajiri mmoja. Linajazwa na hisa ndogo ndogo, na linalindwa na funguo tatu zilizo mikononi mwa watu watatu. Mbuga nayo tunaiona hivyo. Ufunguo mmoja uko kwa serikali, mmoja kwa kijiji. Wa tatu tunaomba ukabidhiwe akina mama, tena siyo kwa maneno ya mkutanoni, bali kwa viti vile vitatu ambavyo sheria imekwisha kutupa.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Mbuga ni akiba. Tuitunze, tuitumie kwa kiasi, na watoto wetu watakaposherehekea miaka ishirini waikute ipo.

 

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote,
Kidahwe, Kigoma.